Kitanda cha Juu

Habari ya kuchaguliwa ilimkuta mama Sisimizi akiwa na kichwa cha mtu mikononi. Alikuwa amefika katikati ya utosi. Upande mmoja rasta zilikuwa zimelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya, ndipo mumewe alipopiga simu kusema mtoto amepata sekondari ya bweni, ile ya wasichana, ile ambayo wazazi wa mtaa mzima waliitaja kwa adabu kama wanamtaja mkwe.

Aliachia kichwa cha mteja, akapiga kigelegele kimoja kifupi, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Furahi, dada," mteja alimwambia kupitia kioo, "lakini usinisahau. Nikitoka nje hivi nilivyo, mume wangu ataniuliza mimi ni nani."

Saluni nzima ilicheka, na yeye akacheka nao. Kisha akachukua kitana, akaendelea. Vidole vilijua kazi yake, havikumhitaji. Chini ya titi la kushoto alihisi baridi, kama mtu aliyemeza barafu nzima. Bweni maana yake ni kulala, na mtoto akilala kati ya watu, watu wataona.

Sisimizi alikuwa na kifafa. Jina hilo la Sisimizi alipewa nyumbani tangu utotoni, kwa sababu hakupita mahali mikono mitupu: kama si kijiti, kifuniko cha chupa, kama si kifuniko, mtoto wa jirani anayekaribia kumzidi uzito. Alipokuwa darasa la tatu, siku moja akisuuza vyombo kwenye ngazi ya nyuma, alikakamaa, akaanguka, na pembe ya saruji ikampasua juu ya sikio. Hospitali walimshona, wakampa vidonge vya asubuhi na jioni. Daktari alisema akivinywa bila kuruka atasoma, ataolewa, atazeeka na kusumbua wajukuu. Akiruka, ugonjwa utarudi. Na kweli, alipovinywa alikuwa mtoto kama watoto wengine, tena mwenye mdomo kuliko wengi.

Lakini mama yake alikuwa na jambo aliloliona kwa macho yake. Katika mtaa waliokaa zamani alikuwepo kijana mmoja, mtu mzima wa kunyoa ndevu, aliyeanguka foleni ya bombani. Watu waliruka nyuma. Kila mtu alinyakua ndoo yake, mmoja akapiga kelele kwamba povu lisimguse mtu. Kijana alipozinduka alijifuta mwenyewe, akachota maji yake, akaenda. Tangu siku ile, kwenye kibanda cha chai alipokuwa akinywa kila asubuhi, kikombe chake kilitundikwa kwenye msumari wa peke yake. Mama Sisimizi alikuwa akikiona kila akipita. Kwa hiyo zamu ilipofika nyumbani kwake, walihama. Huko walikohamia hawakumwambia mtu. Walijua watu watatu: yeye, mumewe, na wifi yake.

Wifi ndiye aliyeitwa kuja kumwandaa mtoto. Dada huyu mkubwa wa mumewe alikuwa mlezi wa bweni katika shule nyingine, mbali na hiyo, na mambo ya watoto wanaoanza kidato cha kwanza aliyajua kama mpishi anavyojua chumvi. Alikuja Jumamosi na mkoba mmoja, akavua viatu, akafungua sanduku la bati lililokuwa limepangwa kwa fahari katikati ya sebule, akaanza kutoa.

"Mashuka manne ya nini? Anakwenda kufungua hoteli? Mawili. Hii taulo nyeupe itakuwa ya mtu mwingine ndani ya wiki moja, mpe hiyo ya kahawia iliyochakaa. Ndala ziandike jina kwa ndani, si kwa juu. Na wewe, Sisimizi, njoo hapa. Ukipoteza kijiko utakula na nini?"

"Na cha mwenzangu, shangazi."

"Mwenzako naye amepoteza."

"Basi tutakula na vifuniko vya sabuni."

Shangazi alimtazama mama mtu. "Huyu hatakufa njaa," alisema.

Alimfundisha kufua shuka kwa ndoo moja ya maji. Alimfundisha kulala taa ikiwaka na watu wakiongea, kuoga haraka, kuficha sukari, na kulia. "Utalia," alimwambia. "Wote wanalia wiki ya kwanza, hata wale wakubwa walilia. Lia chooni, unawe uso, utoke." Mama Sisimizi aliwatazama akiwa mlangoni, akajisemea kwamba mambo yangekwenda vizuri.

Baada ya chakula, mtoto akiwa anakunja nguo chumbani, wifi aliuliza kwa sauti ya chini, "Shule wameshaambiwa?"

"Wameambiwa nini?"

"Wifi, usinizungushe."

Mama Sisimizi alikusanya sahani zilizokuwa tayari zimekusanywa.

"Ana mwaka na miezi hajaanguka," alisema. "Vidonge anavinywa. Nikawaambie nini? Nikawaambie wamtundikie kikombe?"

"Ukawaambie alale kitanda cha chini. Ukamwambie nesi amtunzie dawa. Mimi nalala na watoto wa watu miaka yote hii. Mgonjwa hanitii hofu, wifi. Ninayemwogopa ni yule ambaye sikuambiwa."

"Wewe ni wewe. Huyo wa huko simjui."

"Wahenga walisema mficha maradhi..."

"Usimalizie. Usinitajie kifo nyumbani kwangu na mtoto anasikia."

Wifi alimgeukia mdogo wake, baba Sisimizi. Alikuwa fundi bomba, mtu aliyeweza kuweka sikio ukutani na kukuonyesha kwa kidole mahali maji yanapovuja ndani. "Na wewe, unasemaje?"

"Mimi nawasikiliza," alisema, akaendelea kuchokoa meno.

Kabla ya kuondoka, shangazi alimwita mtoto uani. Mama Sisimizi aliwasikia kupitia dirisha. "Chagua kitanda cha chini. Wahi, weka godoro lako. Na mwambie mtu mmoja. Si lazima wote. Mmoja tu, yule utakayemwona ana moyo. Mwambie ukianguka akugeuze ubavu, asikutie kitu mdomoni, asubiri." Sisimizi aliitikia, ndiyo shangazi, ndiyo shangazi.

Wifi alipokwisha kwenda, mama naye alimwita mtoto.

"Yale aliyokwambia shangazi yako nimeyasikia. Shangazi yako anakupenda, lakini hakai na wewe. Ukimwambia mmoja umeliambia bweni. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Huna ugonjwa wowote. Una vidonge vyako, basi."

"Na wakiniona nakunywa?"

"Sema ni vya minyoo."

Sisimizi alifikiri kidogo. "Mama, minyoo gani hiyo ya kila siku? Watasema nina ng'ombe tumboni."

Walicheka wote wawili, na mama akafurahi kwamba jambo limekwisha kwa kicheko.

Shule ilitaka vichwa vilivyonyolewa. Mama Sisimizi alimnyoa mwenyewe, saluni ikiwa imefungwa, kwa mashine ya wateja wa kiume. Kwa miaka alikuwa amemsuka binti yake mistari inayopita juu ya kovu. Alijua kulificha kuliko alivyojua kazi nyingine yoyote ya mikono yake. Sasa nywele zilipoanguka, kovu lilitokea juu ya sikio, jeupe, limekunjamana kama mdomo wa mtu aliyekasirika.

"Wakiuliza, ulianguka na baiskeli," alisema.

"Hata baiskeli sijui kuendesha."

"Ndiyo maana ulianguka."

Shuleni dawa zote zilikuwa zikikusanywa getini, hilo wifi alikuwa amelisema. Kwa hiyo mama Sisimizi alivitoa vidonge kwenye kopo lake, akavifunga kwenye mfuko laini wa plastiki, akafungua pakiti ya pedi kwa uangalifu, akavipanga katikati, akaibandika tena kwa gundi ya kope za bandia. Nani atapekua pedi za mtoto wa kike? Alipomaliza aliipapasa. Huwezi kujua.

Siku ya kupokelewa, uwanja wa shule ulijaa magodoro na masanduku, na wazazi waliovaa nguo zao za harusi. Foleni ilipita kwenye meza tatu, na ya mwisho alikaa nesi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakuwa na haraka. Kila mzazi alimtazama usoni, akamwuliza swali lile lile kwa sauti ya kawaida, sauti iliyosikika kwa watu wanne watano waliokuwa nyuma.

"Mama, mtoto ana tatizo lolote la afya tunalopaswa kulijua?"

Nyuma ya mama Sisimizi alisimama mwanamke mwenye mkoba wa ngozi, na nyuma yake baba mmoja na mabinti wawili pacha. Aliwahisi mgongoni kama jua.

"Hana," alisema.

"Pumu? Moyo? Kuzimia, kuanguka? Chochote."

"Hana. Ni mzima kabisa, namshukuru Mungu."

Nesi aliitazama kidogo ile sehemu iliyo juu ya sikio la Sisimizi. "Na hii?"

"Baiskeli," alisema Sisimizi haraka, akatabasamu.

Baba yake alikuwa ameinama anatazama viatu vyake, kana kwamba ndiyo kwanza anavijua. Nesi akasema karibu sana, binti, na anayefuata.

Kwenye ukaguzi wa masanduku, mlezi wa bweni la pale aliitoa pakiti ya pedi, akaiweka pembeni, akainua mashuka, akairudisha. Mama Sisimizi alipumua.

Bwenini walikuta vitanda vya chini vyote vimeshatandikwa. Waliotoka karibu walikuwa wamewahi. Kilichobaki ni cha juu, karibu na dirisha, na chini yake sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Mama Sisimizi alisimama pale na godoro begani. Angeweza kuomba. Mlezi alikuwa mlangoni, sura yake ya upole, akiwasaidia wengine kufunga vyandarua. Lakini angesema anaomba kwa sababu gani? Mtoto wa miaka kumi na minne, mwepesi, hodari wa kupanda, kwa nini alale chini? Sisimizi alimtazama mama yake, akangoja. Mama alipanda ngazi mwenyewe, akatandika, akavuta shuka mpaka likakaza, akalibana chini ya godoro pande zote kama mtu anayefunga mzigo.

"Lala upande wa ukuta," alimwambia.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri. Jumapili wanafunzi waliruhusiwa kupiga simu ofisini kwa zamu, na Sisimizi alikuwa akimimina maneno kama mtu anayelipishwa kwa kila sekunde, na kweli walikuwa wakihesabiwa. Mwalimu wa hisabati ana sauti kama pampu. Uji una mabonge ambayo wameyapa majina. Amechaguliwa kusimamia ufagio. Mama Sisimizi alizirudia habari hizo saluni, akaziongeza chumvi, na wateja walimjua mwalimu wa hisabati kana kwamba ni jirani.

Jumapili moja sauti ilikuja tofauti. Nyuma yake wengine walikuwa wakicheka na kusukumana kwenye foleni.

"Mama, shikamoo. Mama, zile za minyoo zimepotea."

"Zimepoteaje?"

"Ile pakiti. Kuna dada wa kidato cha tatu alikuja kuazima, akachukua yote. Nilimfuata. Akasema alikuta takataka ndani, akatupa." Alishusha sauti. "Ni tangu Ijumaa."

"Umemwambia mtu?"

"Hapana. Ulisema nisimwambie. Nimwambie nesi?"

Hapo ndipo mama Sisimizi angerudi kila siku ya maisha yake. Mtoto aliuliza, kwa maneno ya wazi: nimwambie nesi? Na yeye alikuwa amesimama barazani, mkono mmoja una simu, mwingine una kitana, na akamwona yule nesi na miwani yake, akajisikia akisema "hana" mbele ya watu, akaona aibu ya kuitwa ofisini kuulizwa kwa nini alidanganya.

"Usimwambie," alisema. "Vumilia. Jumamosi nakuja na zingine. Kunywa maji mengi, lala mapema."

"Sawa, mama."

Angeweza kwenda Jumatatu. Alitafakari, akaona watauliza kwa nini mzazi anakuja katikati ya wiki, kabla ya siku ya kutembelea. Alinunua vidonge, akanunua na pakiti mpya ya pedi.

Ilitokea Alhamisi alfajiri, kengele ya kuamka ilipolia. Yaliyotokea aliyasikia vipande vipande, baadaye, kwa watu tofauti. Sisimizi alianguka kutoka juu, kichwa kikatangulia. Alipokuwa sakafuni mwili uliendelea kujipiga. Wasichana walidhani ni jini, wakakimbilia nje wote, na aliyekuwa wa mwisho akavuta mlango, na kitasa chake kilikuwa na tabia ya kugoma. Mlezi alikuja mbio, akahangaika na mlango. Walipoingia, bado alikuwa akitetemeka. Alikuwa akitulia na kuanza tena, kutulia na kuanza tena, mpaka gari lilipofika.

Mama na baba walimkuta hospitali ya mkoa amelala na bandeji, mdomo umevimba, macho wazi, hayatazami mtu. Daktari aliongea nao kwa upole, akawaeleza kwamba ubongo umeumia kwa kuanguka na tena kwa mtikisiko uliodumu muda mrefu bila kuzuiwa. Wangoje. Wakati mwingine kilichopotea kinarudi, wakati mwingine kinarudi nusu.

Nesi wa shule alikuwa kwenye benchi la korido. Alikuwa amekuja na mtoto kwenye gari, na gauni lake lilikuwa na damu iliyokauka. Mama Sisimizi aliketi ncha ya pili ya benchi.

"Mama," nesi alisema, bila ukali, "nilikuuliza."

Mama Sisimizi aliitazama damu kwenye gauni lile.

"Tunao wengine wawili wenye hali hiyo. Mmoja yuko kidato cha nne. Wanakuja kunywa dawa zao ofisini kwangu kila jioni, tunaongea kidogo, wanakwenda kusoma. Wanalala vitanda vya chini karibu na mlango wa mlezi. Wenzao hata hawajui, na wanaojua hawajali." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaona damu, akaacha. "Nilimpenda huyu mtoto. Alikuwa akipita kunisalimia kila siku. Sasa najiuliza labda alikuwa anataka kuniambia."

Baba mtu, aliyekuwa amesimama dirishani, alisema, "Mimi nilikuwepo pale mezani." Alisema hilo tu, na nyumbani alilirudia mara kadhaa katika miezi iliyofuata, wakati wa kula au kufunga mlango, kama mtu anayejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mkewe hakujua kama anamlaumu au anajilaumu. Hawakuwahi kulizungumza.

Sisimizi alirudishwa nyumbani kipindi cha mvua. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja, hauwezi kushika. Aliwajua wote. Maneno aliyajua pia, ilionekana machoni, lakini yalikwama njiani, yakatoka moja moja, mengine si yenyewe. Akitaka maji alisema mlango, akakasirika, akalia. Herufi zilikuwa zimeondoka. Baba alimwekea kitabu chake cha zamani cha darasa la pili, naye mtoto akalitazama jina lake mwenyewe kwenye jalada kama mchoro.

Shangazi alichukua likizo akaja. Alimwogesha, akamlisha, akamfundisha kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mama Sisimizi alingoja asemwe. Alingoja siku ya kwanza, akangoja wiki nzima. Kila wifi alipovuta pumzi alijikaza. Wifi hakusema neno. Siku ya kuondoka alimkumbatia mlangoni, na mama Sisimizi akamwambia sikioni, "Nitukane basi, wifi."

"Nikutukane nikupumzishe?" alisema wifi. "Siwezi." Akajifuta uso, akaondoka.

Saluni aliifungua tena kwa sababu tumbo halina msiba. Mteja mmoja, mama mwenye binti aliyekuwa karibu kumaliza darasa la mwisho, alikuja kusuka na kutaka ushauri. Mtoto anunuliwe nini? Aandaliweje? Mama Sisimizi alimjibu yote aliyofundishwa, mashuka mawili, taulo ya kahawia, ndala za kuandikwa kwa ndani. Kisha mikono ikasimama.

"Na kama kuna kitu anaumwa, waambie. Chochote kile. Wangu ana kifafa, na mimi nilificha."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu wa nje. Kwenye kioo, mama Sisimizi alimwona akivuta kanga yake karibu na mwili, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyesikia upepo. "Pole sana," alisema. "Wangu haumwi kitu." Alikaa mpaka nywele zikaisha, akashukuru, na mwezi uliofuata alionekana akitoka saluni ya mtaa wa pili. Wengine walimfuata, si wote.

Jioni moja alimkuta Sisimizi ameketi kitandani, anahangaika na neno. Mama aliketi mbele yake na sahani ya chakula, akaanza kukisia. Maji? Hapana. Choo? Hapana. Baba? Kichwa kinauma? Mtoto alipiga godoro kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akalivuta neno kutoka mbali sana.

"Shule," alisema. Akapumzika. "Lini?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa mama yake, laini, la muhula ujao, la ukipona tu mwanangu. Alilihisi pale. Alimtazama mtoto, na mtoto alikuwa anangoja.

"Hutarudi, mama," alimwambia. "Sidhani kama utarudi."

Sisimizi alimtazama muda kidogo, kuhakikisha. Kisha akajilaza, akageukia ukuta. Mama yake alimwita kwa jina lake la nyumbani, akamwita kwa jina lake la shule. Aliweka mkono mgongoni pake, na mgongo ukasogea mbali nao. Akabaki amekaa pale ukingoni mwa kitanda, sahani mapajani, mpaka chakula kikapoa.